Waliokufa Safari ya Angani: Tunawakumbuka au Tunawazika?



Liko juma moja katika mwaka ambalo watu wa Shirika la Anga la Marekani, NASA, hawalipendi. Tarehe 27 Januari 1967, wanaanga watatu waliteketea kwa moto ndani ya chombo cha Apollo kikiwa bado kimesimama juu ya ardhi. Tarehe 28 Januari 1986, chombo cha Challenger kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, kikiwa na watu saba. Na tarehe 1 Februari 2003, chombo cha Columbia kilivunjika vipande vipande kikirejea nyumbani, nacho kikiwa na watu saba. Ajali tatu katika muda wa miaka 36, zote zimeangukia ndani ya siku sita za kalenda. Ndiyo maana kila mwaka, mwishoni mwa Januari, shirika hilo huadhimisha siku ya kumbukumbu, mashada ya maua yakawekwa makaburini na majina yakasomwa.

Nimechagua kuzungumzia jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba binadamu amedhamiria kurudi kukanyaga mwezi, na wako wanaosema kwamba baada ya mwezi ni zamu ya sayari ya Mars. Mtu anayefunga safari ndefu hukagua kwanza pale alipojikwaa safari iliyopita. Sababu ya pili ni deni langu mwenyewe, nalo nitalieleza.

Mwaka 1986 nilikuwa na umri wa miaka minane. Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na baba alikuwa na redio moja ambayo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Habari ilipotangazwa kwamba katika chombo kilichoharibika alikuwemo mwalimu, mama aliacha kuchambua mchele. Aliuliza, "Mwalimu? Mwalimu alikwenda kufanya nini huko?" Baba hakuwa na jibu. Kesho yake mama aliwauliza walimu wenzake shuleni, na jioni akarudi na maelezo kwamba mwalimu yule alitaka kufundisha kipindi kutoka angani. Mama alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi alikuwa kazini." Maneno hayo hayajanitoka hadi leo.

Mwalimu huyo aliitwa Christa McAuliffe, wa mji wa Concord, jimbo la New Hampshire. Walimu zaidi ya 11,000 waliomba nafasi ile, akachaguliwa yeye. Watoto katika shule nyingi za Marekani walikuwa wamekalishwa mbele ya televisheni madarasani kumtazama mwalimu mwenzao akipaa. Ndivyo watoto hao walivyojifunza somo ambalo halikuwa katika ratiba.

Sasa nije kwenye deni. Februari 2003 nilikuwa kijana mwenye cheti cha diploma kipya mfukoni, na nilikuwa zamu chumba cha habari siku ile ya Jumamosi. Ilikuwa yapata saa kumi na moja jioni kwa saa zetu wakati mawasiliano na Columbia yalipokatika. Niliandika taarifa haraka haraka. Nikataja kwamba wamekufa watu saba, na nikamtaja mmoja tu kwa jina, Ilan Ramon wa Israel, kwa sababu siasa za Mashariki ya Kati zilikuwa moto na nilijua jina hilo litawafanya watu wategeshe masikio. Kisha nikaingia kwenye matokeo ya mpira.

Baada ya wiki mbili nilipata barua iliyoandikwa kwa mkono, kutoka kwa mwalimu mstaafu. Alinisalimu vizuri, akaisifu sauti yangu, halafu akauliza swali moja: "Mwanangu, na wale wengine sita hawakuwa na mama?" Sikumjibu. Niliiweka barua ile katika droo, na aibu ikanifanya nisiitafute tena. Mzee huyo bila shaka ametangulia mbele ya haki. Nitalipa deni lake kabla sijamaliza mazungumzo haya.

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Historia ya ajali za anga inaanza na maradhi yaliyofichwa. Machi 1961, majuma machache kabla ya Yuri Gagarin kuruka, kijana mmoja wa Kisovieti aliyekuwa katika mafunzo ya uanaanga, Valentin Bondarenko, alikuwa amefungiwa katika chumba cha majaribio chenye oksijeni nyingi kuliko hewa ya kawaida. Moto ukazuka, na katika oksijeni nyingi moto hauna simile. Alikufa baada ya saa chache. Serikali yake ikanyamaza. Dunia haikuambiwa habari hiyo hadi mwaka 1986, yaani miaka 25 baadaye.

Miaka sita baada ya kifo cha Bondarenko, Wamarekani Gus Grissom, Edward White na Roger Chaffee walifungiwa katika chombo chao kwa ajili ya zoezi. Chombo kilikuwa kimejazwa oksijeni tupu. Mlango ulikuwa unafungukia ndani, na hata katika hali ya kawaida ulihitaji zaidi ya dakika nzima kuufungua. Kwa kuwa roketi haikuwa na mafuta, zoezi lile halikuhesabiwa kuwa la hatari. Cheche ikaruka mahali fulani katika nyaya, na watu watatu wakaisha kabla mtu hajaweza kuwafikia.

Siwezi kuapa kwamba habari za Bondarenko zingewaokoa. Wamarekani wenyewe walikwisha kupata mioto yao midogo katika vyumba vya majaribio vya oksijeni, na bado wakaendelea. Lakini nasema hivi: ajali iliyofichwa haimfundishi mtu, na hata iliyo wazi haifundishi kama hakuna anayeisoma.

Kuna jambo jingine linaloonyesha ubaya wa kuficha. Mwaka 1971 wanaanga wa Apollo 15 waliacha juu ya mwezi sanamu ndogo ya alumini, ya kutosha kiganjani, pamoja na kibao chenye majina 14 ya wanaanga wa Marekani na wa Urusi ya Kisovieti waliokufa. Lilikuwa tendo la kiungwana, hasa ukikumbuka uhasama wa siku zile. Lakini jina la Bondarenko halimo. Hawakuliandika kwa sababu hawakuwa wamesikia habari zake. Halimo pia jina la Robert Lawrence, Mmarekani mweusi wa kwanza kuteuliwa kuwa mwanaanga, aliyekufa katika ndege ya mafunzo Desemba 1967. Katika mnara wa kumbukumbu uliopo Florida, jina la Lawrence liliandikwa mwaka 1997, miaka 30 baada ya kifo chake.

Warusi nao walilia. Aprili 1967 Vladimir Komarov alikufa baada ya mwavuli wa chombo chake, Soyuz 1, kukataa kufunguka sawasawa. Juni 1971, Georgi Dobrovolsky, Vladislav Volkov na Viktor Patsayev walikuwa wanarejea baada ya siku 23 katika kituo cha Salyut. Chombo kilitua vizuri kabisa, kikasimama shambani. Waokoaji walipofungua mlango waliwakuta wametulia katika viti vyao, hawapumui. Valvu ndogo ya hewa ilikuwa imefunguka wakati chombo kikijitenga, hewa yote ikatoka, na wao hawakuwa wamevaa mavazi ya kuwakinga, kwa sababu chumba kilikuwa kidogo na watu watatu wenye mavazi yale wasingeenea. Hadi leo hao ndio binadamu pekee waliofia nje ya anga la dunia yetu.

Tazameni walichofanya Warusi baada ya hapo. Walipunguza abiria kutoka watatu hadi wawili, ili kila mmoja avae vazi lake. Ilichukua miaka kukitengeneza chombo upya hata kikaweza kubeba watu watatu waliovaa. Tangu mwaka huo wa 1971, hakuna mtu aliyekufa katika safari ya Soyuz. Haina maana kwamba hakukuwa na hitilafu. Oktoba 2018 roketi iliharibika dakika mbili baada ya kuruka, ikiwa na Mrusi Aleksei Ovchinin na Mmarekani Nick Hague. Chombo kilijichomoa chenyewe, kikawashusha salama. Jina hilo la Hague liwekeni akilini, tutalirudia.

Turudi kwenye Challenger. Chanzo chake kinajulikana: pete ya mpira iliyoziba maungio ya roketi ya pembeni. Mpira ukipigwa na baridi hukakamaa, hauwahi kuziba pengo. Usiku wa kuamkia safari ile, Florida ilikuwa na baridi ya barafu. Wahandisi wa kampuni ya Thiokol, iliyotengeneza roketi hizo, walizungumza kwa simu na wakuu wa NASA kwa muda mrefu, wakawaambia wasiruke katika joto la chini ya nyuzi 12. Wakuu wakakasirika. Ndipo viongozi wa kampuni wakaomba faragha, na mmoja wao akaambiwa na mwenzake avue kofia ya uhandisi avae ya uongozi. Akaivua. Kampuni ikabadili ushauri wake. Mhandisi Allan McDonald, aliyekuwa Florida, alikataa kutia sahihi. Ikatiwa na mwingine.

Katika tume iliyoundwa kuchunguza, mwanafizikia Richard Feynman alichukua kipande cha mpira ule, akakibana na kukitumbukiza katika glasi ya maji ya barafu mbele ya kamera. Alipokitoa, mpira ulichelewa kurudi katika umbo lake. Jambo lililobishaniwa usiku kucha liliweza kuonyeshwa kwa glasi moja ya maji!

Lakini mimi kama mtu wa redio, ninayemkumbuka zaidi ni mhandisi mmoja aliyeitwa Bob Ebeling. Alikuwa miongoni mwa walioonya usiku ule. Majuma matatu baada ya ajali, yeye na mwenzake Roger Boisjoly waliieleza redio ya umma ya Marekani yaliyotokea, kwa sharti wasitajwe majina. Kisha Ebeling akaacha kazi. Kwa miaka 30 aliishi na mzigo, akiamini kwamba angejitahidi zaidi kidogo wale saba wangekuwa hai. Januari 2016, akiwa mzee wa miaka 89, alizungumza tena na redio ile ile, safari hii kwa jina lake, akasema anadhani Mungu alikosea kumchagua mtu kama yeye kwa kazi ile.

Wasikilizaji hawakukubali. Mamia waliandika kumwambia kwamba alitimiza wajibu wake na wasiosikiliza ndio wenye hatia. McDonald naye akamtafuta, akamwambia hivyo hivyo. Binti yake akawa anamsomea barua zile. Mzee akasema mzigo umepungua, na Machi mwaka huo akafariki dunia. Nilipoisoma habari hiyo niliikumbuka barua iliyo katika droo yangu. Wako watu wanaoandikia redio kwa sababu wana imani kwamba upande wa pili kuna mtu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ila katika mambo haya, ufa ulionekana, ukapimwa, ukaandikwa katika kitabu, na watu wakauzoea. Safari kadhaa kabla ya ile ya Challenger, pete zile zilirudi zimeungua. Kila zilipoungua na chombo kikarudi salama, watu waliona kwamba kumbe kuungua si hatari. Mwanasosholojia Diane Vaughan aliandika kitabu juu ya jambo hili mwaka 1996, akaeleza jinsi taasisi inavyoweza kuizoea kasoro mpaka ikawa ndiyo kawaida, bila ya mtu yeyote kukusudia mabaya. Tena watu hao hawakuwa wavivu wala wajinga. Walikuwa wasomi wenye vitabu vya taratibu mezani.

Na ilitokea tena. Columbia iliruka tarehe 16 Januari 2003. Sekunde 82 baada ya kuruka, kipande cha povu gumu la kukinga joto kilibanduka kutoka tangi kubwa la mafuta, kikalipiga bawa la kushoto. Uzito wake haukufikia kilo moja. Povu lilikuwa limebanduka mara nyingi kabla ya hapo. Oktoba 2002 kipande cha sehemu hiyo hiyo kiliipiga roketi ya pembeni, na safari zikaendelea. Wahandisi waliomba chombo kipigwe picha na mitambo ya jeshi kikiwa angani ili bawa likaguliwe. Maombi yakazimwa. Kwa siku 16 wanaanga walifanya majaribio yao ya sayansi usiku na mchana bila kujua kwamba katika bawa kulikuwa na tundu. Walipoingia katika hewa ya dunia, gesi ya moto ikapenya katika tundu lile.

Baadaye wachunguzi walifyatua kipande cha povu kama kile kwenye bawa la majaribio huko Texas, likatoboka tundu la kupitisha kichwa cha mtu. Na tume ikaandika wazi kwamba desturi za taasisi zilichangia ajali kwa kiasi kile kile ambacho povu lilichangia. Miaka 17 baada ya Challenger, ugonjwa ulikuwa ule ule. Kosa si kosa, kosa kurudia kosa.

Hapa ndipo ninapoliuliza swali la kichwa cha mazungumzo haya. Mabaki ya Challenger, uchunguzi ulipokwisha, yalishushwa katika mashimo mawili ya zamani ya makombora huko Cape Canaveral, yakafunikwa kwa zege. Yalizikwa, kwa maana halisi ya neno. Mwaka 2022 wazamiaji waliokuwa wakitafuta ndege ya zamani ya vita baharini karibu na Florida walikuta kipande kikubwa cha chombo, cha urefu wa zaidi ya mita nne, kimelala katika mchanga. Ilikuwa Challenger.

Mabaki ya Columbia yalifanyiwa vingine. Watu zaidi ya 25,000 waliingia misituni na mashambani Texas na Louisiana, wakitembea bega kwa bega wakiokota. Wawili kati yao walikufa helikopta yao ilipoanguka, nao mara chache hutajwa. Vilipatikana zaidi ya vipande 80,000, karibu asilimia 38 ya chombo. Vipande hivyo havikufukiwa. Vimewekwa katika jengo kubwa la kuunganishia roketi huko Florida, na huazimishwa kwa watafiti. Mwaka 2015 sehemu ya ubavu wa Challenger na fremu za madirisha ya Columbia ziliwekwa hadharani, watu wazione. Na mwaka 2017, baada ya nusu karne ya kukaa ghalani, mlango ule wa Apollo nao ukatolewa ukaonyeshwa.

Naona hapo pana njia mbili za kumkumbuka marehemu. Ya kwanza ni kumwekea shada, kumsifu kwa ushujaa, na kufunika shimo. Njia hii huwafariji wengi, nami siibezi. Lakini ukimwita marehemu shujaa kila mwaka bila kusema aliuawa na nini, unamsaidia yule aliyevua kofia ya uhandisi. Shujaa hufa vitani, na vita havina mtu wa kuulizwa. Wale saba wa Challenger hawakufa vitani. Walikufa kazini, kama mama yangu alivyosema, na mtu akifa kazini tunauliza nani alikuwa msimamizi. Hiyo ndiyo njia ya pili, ya kuacha vipande mezani ili kijana anayeajiriwa leo avishike kwa mkono wake.

Wapo watakaoniuliza: haya yote yatuhusu nini? Wenye fedha za kuchezea waache wacheze. Nakumbusha kwamba tumo kidogo katika historia hii. John Glenn alipoizunguka dunia Februari 1962, Zanzibar palikuwa na kituo kimoja katika mnyororo wa vituo vya kumfuatilia; kilifungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Na pwani ya Kenya, karibu na Malindi, Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini. Moja, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, ilipewa jina la Uhuru.

Hata hivyo nitakuwa mkweli. Setilaiti zinazotuletea habari za mvua na simu hazihitaji mtu ndani yake. Kwa hiyo asije mtu akatetea safari za binadamu kwa kutuonyesha utabiri wa hali ya hewa. Anayetaka kupeleka watu aseme wazi kwamba anataka binadamu mwenyewe afike, aone na kurekebisha kwa mikono yake, na kwamba yuko tayari kulipa gharama ya kuwarudisha. Darubini ya Hubble ni mfano. Mwaka 1993 wanaanga walikwenda kuirekebisha macho yake, nayo ikaona. Baada ya Columbia, safari ya mwisho ya kuitengeneza ilifutwa kwa kuogopa hatari. Kisha ikarudishwa, ikafanyika Mei 2009, lakini safari hii chombo cha pili kilikuwa kimesimama tayari, kimekaguliwa, cha kwenda kuwachukua endapo cha kwanza kingeharibika. Hakikuhitajika. Hiyo naiita kumbukumbu yenye miguu.

Mfano wa karibuni ni wa mwaka 2024. Wanaanga Butch Wilmore na Suni Williams walikwenda kituo cha kimataifa kwa chombo kipya cha Starliner cha kampuni ya Boeing, safari ya kama siku nane. Gesi ya heliamu ikavuja, na baadhi ya injini ndogo za kukielekeza chombo zikazima. Wenye chombo waliamini kinaweza kuwarudisha. Tarehe 24 Agosti, NASA iliamua kirudi kitupu. Mkuu wa shirika wakati huo, Bill Nelson, alikuwa yeye mwenyewe amesafiri na Columbia mwezi ule ule wa Januari 1986, akatua siku kumi kabla ya Challenger kuangamia. Alizitaja Challenger na Columbia alipoeleza uamuzi huo. Chombo kikarudi kitupu, kikatua salama, na dunia ikacheka: kumbe wangeweza kupanda! Wilmore na Williams walirudi Machi 2025, katika chombo kilichoongozwa na yule Nick Hague aliyenusurika mwaka 2018.

Mimi sikucheka. Hakuna atakayewahi kujua kama safari ile ingewaua. Lakini safari hii waliosema "hatuna hakika" walisikilizwa, na aliyewasikiliza alikuwa mtu mwenye kumbukumbu. Usalama wa namna hii haujengewi mnara, wala hauna siku yake katika kalenda, kwa sababu hakuna kilichotokea.

Nasi pia tuna mashimo yetu yaliyofunikwa. Tuliilia MV Bukoba Mei 1996, tukaweka makaburi na mnara. Septemba 2018 tukailia MV Nyerere, iliyokuwa imebeba watu kupita uwezo wake, katika ziwa lile lile. Tulikumbuka siku, sijui kama tulikumbuka sababu. Kama wenye vyombo vya mabilioni waliweza kuuzoea ufa, basi nasi tujichunguze kila tunapomwambia kondakta "songesha, bado kuna nafasi."

Je, binadamu aendelee kwenda angani? Jibu langu ni aende. Watu watakufa tena, tusidanganyane. Ukipanda juu ya moto mkubwa kiasi kile, hatari haiishi. Lakini nitaipima kila safari kwa swali moja: mhandisi mdogo kuliko wote akisema hapana usiku wa mwisho, simu yake itapokewa? Sasa yameingia makampuni ya watu binafsi, yenye haraka ya kibiashara juu ya haraka ya kisiasa tuliyoizoea. Swali hilo liwafuate na wao.

Mwalimu McAuliffe alikuwa ameandaa masomo ambayo hakuyafundisha. Msaidizi wake, Barbara Morgan, aliyekuwa akisubiri endapo yeye angeshindwa kwenda, alisubiri miaka 21 na akaruka Agosti 2007. Na mwaka 2018 ilitangazwa kwamba wanaanga wawili waliopata kuwa walimu, Joseph Acaba na Ricky Arnold, wangeyarekodi masomo yake kituoni. Na baadhi yao yakarekodiwa, yakawafikia wanafunzi. Kipindi kilichelewa miaka 32, lakini kilifundishwa. Mama yangu angefurahi.

Sasa deni. Mzee wangu, mwalimu, popote ulipo, nisamehe kwa kuchelewa. Waliokufa katika Columbia ni hawa: Rick Husband, kamanda. William McCool, rubani. Michael Anderson. Kalpana Chawla, aliyezaliwa mji wa Karnal nchini India. David Brown, daktari. Laurel Clark, naye daktari, mama wa mtoto mmoja. Na Ilan Ramon.

Wote saba walikuwa na mama.